Filamu haina ngumi wala risasi: nitaitangazaje gazetini na madukani?

Swali la msomaji: Nimemaliza filamu yangu ya kwanza ndefu, drama ya dakika 104. Inamhusu fundi saa mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu, na binti yake anayerudi nyumbani baada ya miaka kumi na mitano ya kutosemezana. Nimepata ukumbi wa sinema kwa siku saba. Fedha niliyonayo inatosha matangazo machache ya gazeti na karatasi za kuweka madukani. Nakuambatanishia rasimu ya tangazo. Kila ninayemuuliza ananiambia drama haiuziki gazetini, watu wanataka mapigano. Nianzie wapi, na wenye maduka niwaambie nini wakubali?

Jibu: Ndugu yangu, hongera kwa kufika hapo. Wengi huishia kwenye mswada.

Rasimu yako nimeitazama kwa muda mrefu. Ina nyuso sita, machozi ya binti, jua linalozama, majina tisa, na maneno "Kisa cha kusisimua usichopaswa kukikosa". Nimeisoma mara tatu na bado nisingejua filamu inahusu nini kama usingeniandikia. Lakini nyuma ya bega la mzee, kwenye kona, nikaona saa ya ukutani imesimama saa kumi na dakika kumi. Nikarudi kwenye muhtasari wako, nikakuta sentensi moja uliyoipita mbio: mzee aliisimamisha saa ile kwa mkono wake siku binti alipoondoka, na hajaitia ufunguo tena. Tangazo lako ni hilo. Umelificha nyuma ya bega la mtu.

Wanaokwambia drama haiuziki gazetini wana sehemu ya ukweli. Filamu ya mapigano inajitangaza kwa picha moja: gari linaungua, mtu anaruka, msomaji ameshaelewa atapata nini. Ugomvi wa drama uko ndani ya watu, na kamera ya tangazo haifiki huko. Ndiyo maana watengenezaji wengi hukimbilia nyuso zinazolia. Uso unaolia bila sababu haumsogezi msomaji hata hatua moja, kwa kuwa hajui kwa nini alie naye. Kinachoweza kupigwa picha ni kitu ambacho ugomvi umekigusa, na kinachoweza kuandikwa ni swali ambalo ugomvi umeliacha. Weka kitu hicho na swali hilo kwenye gazeti, kisha kitu hichohicho na swali hilohilo kwenye dirisha la duka. Mtu akikiona asubuhi gazetini na jioni akakikuta anapopita barabarani, filamu yako ndogo itamwonekea kubwa.

Kazi hii ina historia ndefu, na inakufaa kuijua kwa sababu waliotutangulia walikuwa katika hali yako: ukumbi mmoja, siku chache, fedha kidogo. Kuanzia miaka ya 1910 kampuni za filamu za Marekani zilikuwa zikiwatumia wenye kumbi kitabu cha matangazo kwa kila filamu. Ndani yake mlikuwa na matangazo ya gazeti yaliyokwisha kuchorwa kwa vipimo mbalimbali, habari zilizoandikwa tayari kwa ajili ya wahariri, orodha ya mabango, na mapendekezo ya jinsi ya kushirikiana na duka la nguo, la vitabu au la muziki. Mwenye ukumbi aliagiza tangazo alilolichagua, akaletewa kalibu ya karatasi ngumu iliyogandamizwa. Gazeti likamimina juu yake madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kupata bamba la kuchapia. Jina la ukumbi na siku za maonyesho viliachiwa nafasi tupu. Mwaka 1911 Epes Winthrop Sargent alianza kuandika katika jarida la Moving Picture World safu ya ushauri wa matangazo kwa wenye kumbi, na mwaka 1915 akatoa kitabu kizima juu ya somo hilo. Vitabu vingi vile vya matangazo vya kampuni za filamu vimehifadhiwa kidijitali na Media History Digital Library, maktaba ya mtandaoni, na vinasomwa bure. Tenga jioni moja uvipitie. Angalia drama zilivyotangazwa, uone ni mara ngapi tangazo zuri limebeba swali moja tu.

Sasa turudi kwenye saa yako. Pendekezo langu la maneno ni haya:

*Saa hii haijaharibika. Imesimamishwa.*

Chini yake jina la filamu, ukumbi, tarehe, saa za maonyesho. Juu yake saa peke yake, na nafasi nyeupe kuizunguka. Usiogope nafasi nyeupe. Ukurasa wa gazeti umejaa wino kila mahali, na jicho likichoka hukimbilia palipo wazi. Wewe unailipia nafasi hiyo, kwa hiyo utahisi kwamba kila sentimita isiyo na neno ni hasara. Hisia hiyo ndiyo iliyokuletea nyuso sita.

Najua utaniuliza: nikisema saa ilisimamishwa, si nimeshatoa siri? Hapana. Drama haiharibiwi na kujulikana kwake mwanzoni. Erich Segal aliandika mswada wa filamu ya *Love Story*, kisha akaugeuza riwaya, na riwaya ikatoka tarehe 14 Februari 1970, miezi kadhaa kabla ya filamu kuonyeshwa Desemba mwaka huohuo. Sentensi ya kwanza kabisa ya riwaya ile inamwambia msomaji kwamba binti amekufa. Kitabu kikauzwa kupita kiasi, na kumbi zikajaa watu waliojua mwisho wake. Usichopaswa kutoa ni uamuzi: kama binti anaitia saa ufunguo au la. Hali waambie, uamuzi waufuate ukumbini.

Kuhusu kununua nafasi yenyewe. Magazeti mengi huuza kwa safu na sentimita: tangazo la safu mbili kwa sentimita 15 ni vipimo 30, na la safu tatu kwa sentimita 10 ni vipimo 30 vilevile. Bei ni ileile, lakini umbo linabadilisha kila kitu. Saa ya ukutani yenye pendulamu ni ndefu na nyembamba, kwa hiyo chukua safu mbili kwa 15. Omba ukurasa wa kulia, nusu ya juu, na uulize kama kuna nyongeza ya bei kwa kuchagua mahali, kwa sababu mara nyingi ipo. Mwombe pia mtu wa matangazo akuonyeshe tangazo likiwa kwa rangi nyeusi na nyeupe katika ukubwa halisi. Kilichopendeza kwenye skrini ya kompyuta huweza kugeuka doa jeusi kwenye karatasi ya gazeti, na herufi nyembamba nyeupe juu ya weusi huzibwa na wino. Kata karatasi ya ukubwa ule, ibandike juu ya ukurasa halisi wa toleo la wiki iliyopita, simama hatua mbili nyuma. Usipoona saa kwa mara moja, ikuze na upunguze maneno.

Usinunue ukurasa mzima hata ukipewa punguzo. Ukurasa mzima unaonekana siku moja, na kesho yake umefungia bidhaa. Kwa siku saba zako ningeanza na tangazo moja la safu mbili mwisho wa wiki kabla ya kufungua, lingine siku ya kufungua, na vitangazo vidogo kila siku kwenye ukurasa ule watu wanapotafuta saa za maonyesho. Lile kubwa ningelipeleka kwenye kurasa za familia au za barua za wasomaji, nje ya kurasa za burudani. Kwenye burudani utawekwa ubavuni mwa gari linaloungua na utashindwa. Kwenye kurasa za familia msomaji ameshaanza kufikiria baba yake.

Na theluthi moja ya fedha usiiguse kabisa hadi siku ya tatu. Hili nalisisitiza kuliko yote kwa upande wa gazeti. Drama hujazwa na mdomo wa aliyetoka ukumbini. Siku ya kwanza wanakuja wachache, na wachache hao ndio watangazaji wako. Tangazo la siku ya tatu au ya nne huwakuta watu waliokwisha kusikia, nalo linawakumbusha tu. Nimeona filamu nzuri zikitumia senti ya mwisho kabla ya siku ya kufungua, kisha zikakaa kimya siku zile ambazo mji ulikuwa umeanza kuzizungumzia.

Mhariri ni mtu mwingine kabisa, usimchanganye na idara ya matangazo. Kwake usipeleke ombi la kusifiwa, mpelekee habari. Umeniandikia kwamba mwigizaji wako alikaa na fundi saa wa kweli majuma matatu ili ajifunze kufungua saa bila mikono kutetemeka, kisha akajifunza tena kuifungua kwa mikono inayotetemeka. Hiyo ni makala. Fundi yule akikubali kupigwa picha na kutajwa, mhariri wa kurasa za watu na maisha ataipokea hata kama hajali sinema. Wahakiki waalike mapema, wape kiti kizuri, usiwapigie simu kuuliza wameonaje.

Wakikusifu, nukuu sifa zao zikiwa na maana ileile waliyoikusudia. Mhakiki akiandika "filamu ingekuwa nzuri sana kama isingechosha", huna ruhusa ya kuchomoa "nzuri sana". Mwaka 2001 ilifichuka kwamba idara ya matangazo katika Sony ilikuwa ikitumia sifa za mhakiki aitwaye David Manning, mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Kampuni ililipa jimbo la Connecticut dola 326,000, na baadaye ikakubali kuwarudishia fedha watazamaji waliodai. Kampuni kubwa ilistahimili aibu ile. Wewe una filamu moja na jina moja.

Sasa maduka, ambako nadhani ndiko utakakopata faida kubwa zaidi kwa fedha uliyonayo.

Kosa la kwanza la kila mtu, na mimi nililifanya, ni kuingia dukani na bango mkononi na kuomba "nafasi kidogo tu". Niliwahi kubandikiwa mabango kumi na mawili katika maduka kumi na mawili. Baada ya siku mbili manane yalikuwa yamefunikwa na karatasi za punguzo la bei. Wenye maduka hawakunikosea, mimi ndiye niliyewaomba msaada bila kuwaletea biashara. Dirisha la duka ni mali, linauza. Ukilitaka, onyesha litauza nini likiwa na filamu yako ambacho lisingeuza bila hiyo.

Walioielewa vizuri hesabu hiyo ni wafanyabiashara wa nguo wa Marekani. Mwaka 1930 Bernard Waldman alianzisha kampuni iliyounganisha studio za filamu na viwanda vya nguo, na yakafunguliwa ndani ya maduka makubwa, kuanzia Macy's, maduka ya mitindo ya sinema. Nguo aliyoivaa mwigizaji ilinakiliwa na kuwekwa dirishani filamu ikiwa ukumbini. Maarufu kuliko zote ni gauni jeupe lenye mabega ya marinda ambalo mbunifu Adrian alimshonea Joan Crawford katika *Letty Lynton* ya mwaka 1932. Liliigwa kila mahali. Lakini hadithi ile ina upande wa pili: mwaka 1936 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba filamu ilikuwa imechukua mno kutoka mchezo mmoja wa jukwaani, nayo ikatoweka kwenye maonyesho. Watu wakabaki kulijua gauni bila kuiona filamu. Kabla hujaweka chochote dirishani, hakikisha hati zako za hadithi, muziki na picha za waigizaji zimekamilika. Na soma tena mkataba wa mwigizaji wako: kukubali sura yake itangaze filamu si sawa na kukubali sura yake iuze saa za mtu. Vitu hivyo viwili viandikwe mbalimbali, na la pili lilipiwe.

Filamu yako haina gauni la kuigwa. Ina saa. Kwa hiyo duka lako la kwanza ni la saa, au kibanda cha fundi saa kilicho mahali penye wapita njia. Nakuchorea dirisha ninavyoliona. Ukutani saa kumi au kumi na mbili za mwenye duka, zote zinatembea, zote zinaonyesha wakati uleule ulio sahihi. Katikati, usawa wa macho, saa ya kwenye filamu yako, imesimama saa kumi na dakika kumi. Mbele yake kadi ndogo iliyokunjwa, herufi za kusomeka umbali wa hatua mbili: *Saa hii haijaharibika. Imesimamishwa.* Chini yake jina la filamu na tarehe. Basi. Hakuna bango, hakuna maua, hakuna nyuso. Mpita njia ana sekunde chache. Pendulamu zote nyingine zinachezacheza na moja imetulia, na jicho litakwenda kwenye ile iliyotulia. Kioo kipanguswe nje na ndani. Nenda ukaliangalie saa sita mchana, jua linapogeuza kioo kuwa kama cha kujitazamia, na usiku taa zikiwaka, usogeze saa hadi ionekane nyakati zote mbili.

Mwenye duka atakuwa na hofu moja, nayo ni halali: saa iliyosimama dirishani kwa fundi saa inasema fundi hajui kazi. Hapo ndipo maneno yale yanapokusaidia mara ya pili. Kadi inasema haijaharibika. Kila anayeisoma anageuka kutazama zile nyingine na kuona zinatembea. Mwambie hivyo kwa maneno hayohayo, ukiwa umesimama naye nje ya duka mkitazama dirisha, maana akiwa ndani nyuma ya kaunta hatayaona. Mwongezee jambo moja la kwake: wiki ile, atakayeleta saa ya zamani iliyosimama, hasa ya mzazi, akaguliwe bure saa hiyo. Kukagua ni dakika chache tu, na saa ikihitaji kutengenezwa amepata kazi. Wewe umepata watu wanaosimama kaunta wakisimulia saa ya baba, huku tiketi zako ziko pale.

Maduka mengine yachague kwa kipimo hichohicho: je, kuna kitu cha duka hili ambacho mtu kwenye filamu anakishika? Binti anarudi na sanduku, na duka la mabegi linaingia. Anamwandikia baba barua asizozituma. Duka la vitabu na karatasi linaingia, na pale weka alama ya kitabu, kipande kirefu cha karatasi ngumu chenye picha ya saa, itakayokaa ndani ya kitabu cha mtu hadi aione tena. Duka la simu lina wateja wengi, lakini filamu yako haina la kusema humo, kwa hiyo liache. Chukua duka moja tu kwa kila biashara, na umwambie mwenyewe kwamba hutaenda kwa mshindani wake. Ahadi hiyo ina thamani kwake na haikugharimu kitu. Matano yaliyotunzwa yanatosha.

Makubaliano yawe ukurasa mmoja, lugha nyepesi, sahihi mbili. Aandike dirisha ni lako kuanzia tarehe ipi hadi ipi, nani anachapa kadi, nani anaondoa vitu, na saa yako ikivunjika nani analipa. Wewe utoe mialiko kwa wafanyakazi wake kabla ya siku ya kufungua. Usipuuze hili, kwa maana mfanyakazi wa kaunta aliyeiona filamu ataitaja bila kuombwa. Utoe pia jina la duka kwenye mstari wa chini wa tangazo la gazeti: "Itazame saa yenyewe dirishani kwa fulani." Mstari huo unamtuma msomaji wa gazeti barabarani, na kadi ya dirishani inamtuma mpita njia ukumbini. Mwenye duka akiona jina lake limechapwa, huweza kukubali kuchangia gharama ya tangazo. Akichangia, jina lake likue kidogo, lakini lisizidi tarehe ya onyesho kwa ukubwa. Nilishawahi kuruhusu lizidi, na wasomaji wakadhani ni tangazo la duka.

Utajua kilichofanya kazi kwa njia rahisi. Kila duka lipewe kadi zenye alama yake, herufi moja kwenye kona, na mwenye kadi apate punguzo dogo mlangoni. Anayekata tiketi awe na karatasi yenye safu tatu: gazeti, duka, mtu. Aulize swali moja tu, "Umetujuaje?", apige msitari. Jioni ya siku ya pili jumlisha. Kama "mtu" imeanza kupanda, ile theluthi uliyoiweka iende gazetini kesho yake asubuhi. Kama duka moja limeleta wengi kuliko mengine manne, wapelekee kadi zaidi usiku huohuo.

Jambo la mwisho ni la ratiba, nalo linaanza leo. Piga simu gazetini uulize siku na saa ya mwisho ya kupokea tangazo la mwisho wa wiki, kwa sababu kurasa za familia mara nyingi hufungwa siku kadhaa mapema kuliko za habari. Hesabu kutoka hapo kurudi nyuma: mwenye duka lazima awe ameshatia sahihi kabla jina lake halijachapwa. Kwa hiyo safari ya kwanza ni kwa fundi saa, na saa mkononi.